Ingata ya Mgeni

Mama, shikamoo.

Nimekaa kwenye kigoda chako nyuma ya nyumba, hapa hapa Katubuka, na daftari la shule liko mapajani. Ulizoea kunitania kwamba mwalimu hawezi kusema jambo mpaka aandike kwanza kichwa cha habari. Haya, kichwa cha habari ni hiki: Mgeni ameondoka. Mwenyewe alikuja kumchukua, kama ulivyosema atakuja, na mimi nilibisha miaka miwili mizima kwamba hatakuja. Nimekuja kukushukuru. Nina pia kosa la kuungama, lakini hilo niache nilisogelee polepole, maana hata kwako naona aibu.

Niruhusu nirudi nyuma kidogo. Najua hujasahau. Mimi ndiye naogopa kusahau.

Ilikuwa Jumamosi, tumeshuka Katonga wewe na mimi, wewe kununua migebuka ya kuuza na mimi kukusindikiza shingo upande, maana mkwe aliyesoma hakutaka kunuka samaki. Mitumbwi ilikuwa ikishusha watu kutoka ng'ambo ya ziwa tangu alfajiri. Siku hizo tulikuwa tumezoea kuwaona, na sipendi kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu anashuka na godoro, na kuku, na bibi yake mgongoni, nasi tunaendelea kuulizia dagaa. Mama mmoja akashuka na mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Ndani ya sufuria mlikuwa na kijibwa cha rangi ya udongo, kimejikunja, kinatetemeka. Malori ya kuwapeleka kambini yalikuwa yanangoja pale juu, na yule bwana wa orodha akamwambia mbwa hapandi. Akaangalia huku na huku. Kati ya watu wote wa Katonga akakuona wewe, nadhani kwa sababu ulikuwa umetua beseni lako chini na mikono yako ilikuwa mitupu.

"Mama, munichungie huyu. Nitarudi. Mimi naitwa Mama Riziki."

Nawe ukajibu neno moja tu. "Utamkuta."

Nilikasirika, Mama. Njia nzima ya kupanda kutoka ziwani nilikuwa nakunong'oneza: hatumjui, hatujui anapelekwa kambi gani, jirani zetu ni Waislamu safi na mbwa kwao ni taabu, Gervas atasema nini. Ulipanda tu, beseni kichwani, kijibwa kwapani. Tulipofika ndipo ukaniambia kwamba Gervas ni mwanao, atasema utakachomwambia aseme. Kuhusu jina ulikataa kabisa kumpa. Ulisema ana mwenyewe, na mwenyewe atakuwa na jina lake. Hapa yeye ni mgeni. Basi akawa Mgeni.

Baada ya wiki chache meno ya utoto yakaanza kung'oka na mengine kuota, na nyumba ikawa haina usalama. Alitafuna mguu wa meza. Alitafuna kofia ya kazi ya Gervas, ile ya reli, akaacha ukingo tu. Alitafuna madaftari ya darasa la tano kabla sijayasahihisha, na Jumatatu ilibidi nisimame mbele ya watoto arobaini na kuwaambia kazi zao zimeliwa na mbwa, mimi ambaye nilikuwa nachapa mtoto akiniletea kisingizio kama hicho. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi sikucheka. Nikaamua kulitatua jambo kisomi.

Suluhisho langu la kwanza lilikuwa kandambili ya Gervas iliyokatika. Nilimtupia Mgeni, akaipenda, nikakutazama kwa jicho la ushindi. Siku ya tatu jirani yetu Bi Zuhura alikuwa na hitima ya baba yake, watu wameingia ndani kusoma, viatu vimepangwa mlangoni. Mgeni akatuletea vitatu, kimoja kimoja, kila kimoja cha mtu tofauti, akavilaza mbele yangu huku mkia unacheza. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wewe ndiye uliyekwenda. Hukumtuma mtu. Ulisimama nje ya mlango wa Bi Zuhura ukamuuliza namna inavyotakiwa kuosha kitu kilichoguswa na mate ya mbwa, naye akakueleza kwa sauti kavu: mara saba, na mojawapo kwa udongo. Ukachuchumaa pale uani kwake, mwanamke Mkristo wa Kidahwe mwenye rozari shingoni, ukaosha kila kiatu mara saba, ukihesabu kwa Kiha kwa sauti ya kila mtu kusikia ili asije mtu kusema umeruka moja. Kufikia kiatu cha tatu Bi Zuhura mwenyewe alikuwa anahesabu nawe. Jioni alituletea sahani ya pilau.

Uliporudi hukunigombeza. Uliniambia tu, "Mwalimu, mbwa hajui kandambili kuukuu na kandambili mpya. Ukimpa kiatu, umeshamwambia viatu ni vyake." Nimefundisha miaka tisa, Mama, na sijawahi kueleza jambo vizuri hivyo.

Ungedhani ningeacha. Sikuacha. Nilikuwa na kichwa kigumu, na nilikuwa nataka, sijui kwa nini, unione kwamba najua kitu. Nikashuka Katonga peke yangu, nikaokota uzi wa nyavu zilizochakaa, ule wa nailoni, nikaufunga mafundo juu ya mafundo mpaka ukawa mpira mkubwa kama ngumi. Nikajiambia uzi unaobeba samaki wa ziwa zima hauwezi kushindwa na meno ya kijibwa. Ni kosa ambalo mtu wa bara kwetu Morogoro asingeweza kulifanya, asingepata hizo nyavu.

Siku ya pili Mgeni hakula. Siku ya tatu alikuwa anatapika, tumbo limekaza, na mpira wangu ulikuwa umefumuka nusu. Kipande cha uzi kilikuwa kinaning'inia pembeni mwa mdomo wake. Nilishika nivute. Ulinipiga mkono, Mama, ndiyo mara pekee uliyowahi kunipiga. "Usivute! Hujui ule mwisho mwingine umeshika nini." Ukachukua mkasi wangu wa kushonea ukakata kilichokuwa nje, ukanituma nimkimbilie bwana mifugo.

Yule bwana alikuja amechoka, na hasira yake ilikuwa ya haki. Alimbinya Mgeni tumbo, akatikisa kichwa, akasema uzi kama ule unakunja utumbo na kuukata, na kwamba wengi hawaponi. Kisha akanyanyua mpira wa nailoni akauliza ni mjinga gani aliyempa mbwa nyavu.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

"Ni mimi, bwana," ulisema. "Uzee."

Akakusema pale, Mama, mtu wa umri wa mwanao, mbele yangu na mbele ya Gervas. Ukaitikia ndiyo, bwana, ndiyo, bwana. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika kitasa. Ulilala na Mgeni jikoni siku tatu, ukimpa uji mwepesi kwa kijiko, na bahati ikawa yetu kwamba alichomeza kilikuwa kifupi, kikatoka chenyewe. Hukumwambia Gervas ukweli. Hukunikumbusha kamwe. Nilingoja unikumbushe, nilijiandaa na majibu, na wewe ukaniuliza tu kama nimekula.

Hapo ndipo nilipoanza kukupenda. Nasema wazi sasa kwa sababu sikuwahi kukuambia ukiwa hai. Kabla ya siku ile nilikuheshimu tu, jinsi mkwe anavyofundishwa kuheshimu.

Mgeni alipopona, fizi zilikuwa bado zinamsumbua. Wala si mimi wala si wewe tuliopata dawa, aliipata mwenyewe. Ulirudi kutoka Katonga, ukatua beseni, ukaweka ingata yako juu ya jiwe upumue. Ingata yako ile ya siku zote, pete ya nguo uliyosokota ya kuwekea beseni kichwani, imelowa maji ya migebuka. Akaichukua akaenda kulala nayo chini ya mgomba, akatafuna kwa utulivu kama mzee anayevuta kiko. Ukapiga kelele, "Yemwe! Kichwa changu!" Ukamkimbiza. Kisha ukasimama, ukamtazama anavyotafuna, ukaniita.

Mchana ule ulinifundisha kusokota. Nilikuwa nimeolewa miaka minne na sikuwahi kujifunza, kwa kuwa mimi nilibeba vitabu. Ulichana shuka kuukuu, jeupe, la pamba tupu. Ya kanga ulikataa, ulisema rangi inatoka na hatujui imechanganywa na nini. Majani ya mgomba yanayokauka ulikataa pia kwa sababu yanakatika nyuzinyuzi. Ulichemsha vipande kwenye sufuria, ukavianika, kisha ukavisokota viwili viwili, mkono mmoja ukienda mbele na mwingine ukirudi, ukavizungusha kuwa pete na kuficha ncha zake ndani kabisa, bila uzi wa kushonea na bila kifungo. Pete ulifanya kubwa kuliko mdomo wake wote, asije akaimeza. Ukaiminya kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha alama, ulisema, jino halitavunjika. Ulikitupa mbali kipande cha mfupa wa ng'ombe ambacho jirani mmoja alituletea kwa wema, na mbegu za michikichi ulizifagia uani kila asubuhi zisije zikamkaba. Mifupa ya kuku iliyopikwa na miiba ya migebuka ulitufanya tufunike kama dhahabu.

Halafu ulifanya lile jambo la mwisho ambalo bado linanichekesha. Uliishika ingata kwa meno yako, hayo sita yaliyobaki, na upande wa pili ukanipa mimi nivute. Nilivuta. Ulikunja uso, ukashikilia. Haikuachia hata uzi mmoja. Ukaitema ukasema, "Sasa mpe."

Uliichovya kwenye maji ya mtungi yaliyopoa, ukaikamua, ukampa. Na kila ilipoanza kuchakaa, hata kama ilikuwa bado inafaa machoni pangu, uliitupa na kusokota nyingine. Sijui ulisokota ngapi. Tukakaa hivyo mchana mwingi, wewe kwenye kigoda, mimi chini, Mgeni katikati. Ulinieleza jinsi Gervas alivyoota meno, jinsi ulivyompa kitambaa cha baridi aume, na mimi nikainamisha uso, maana nilijua mazungumzo ya meno ya watoto huishia wapi nyumba ambayo mkwe hajazaa. Hayakuishia huko. Baadaye nilisikia kutoka kwa Bi Zuhura kwamba wanawake wa Katonga walikuuliza mjukuu anakuja lini, nawe ukawajibu, "Kwangu kuna meno yanaota tayari, yananitosha." Nilikwenda chooni nikalia, Mama. Nililia kwa raha.

Bado sijazaa. Naandika ili ujue habari zote. Hakuna anayeniharakisha humu ndani, na najua ni nani aliyeizoesha nyumba hii hivyo.

Ulivyoondoka unajua mwenyewe, haraka, kichwa kikiuma asubuhi na kabla ya adhuhuri huongei. Tulikurudisha kwenu Kidahwe. Bi Zuhura alikuja mpaka makaburini. Tuliporudi hapa nilikuta ingata moja imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, imeoshwa, imekauka, tayari. Mgeni alikuwa ameshakuwa mbwa mkubwa wakati huo, meno yote yameota, hakuihitaji tena. Sijui, labda ulimsokotea kwa mazoea tu. Niliitoa pale, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka ndani ya sanduku langu chini ya vyeti vyangu. Gervas alichukua rozari yako. Mimi nikachukua hiyo.

Sasa nifike kwenye kosa.

Wiki tatu zilizopita Mama Riziki alibisha hodi. Nilimtambua kabla hajasema neno. Alikuwa amekonda, mtoto wa mgongoni sasa anatembea mwenyewe. Alisema kwao kumetulia, wameamua kuvuka kurudi, mtumbwi unaondoka kesho yake Katonga, na ametembea akiuliza nyumba ya mama muuza migebuka mpaka akaelekezwa hapa. Nilimwambia umefariki. Akakaa chini pale pale kizingitini akakulilia, Mama, mtu aliyekuona mara moja tu. Alipofuta machozi akaniuliza kuhusu mbwa.

Mgeni alikuwa amekwenda stesheni na Gervas, kama kila siku. Uani kulikuwa kimya. Nilifikiria jinsi anavyonisindikiza mpaka mlango wa shule. Nilifikiria nyumba bila wewe na bila yeye.

Nikasema, "Alikufa akiwa mdogo. Alimeza uzi."

Ndiyo. Nilichukua kosa langu lile lile ulilonifichia, nikalifanyia kazi ya uongo. Na yeye, unajua alisema nini? Alinishika mkono akasema, "Aksanti, mama. Mulijaribu." Kisha akaondoka na mtoto wake.

Gervas aliporudi na Mgeni sikumweleza. Nilipika, nikapakua, sikula. Nilikuwa nakusikia, si kama watu wanavyosimulia mizimu, hapana, nilikuwa nasikia tu lile neno lako la Katonga. Utamkuta. Ulilisema kwa niaba yetu sote, hata mimi niliyekuwa nanong'ona. Na lile lingine, ulilosema mbele ya bwana mifugo ukiwa huna kosa lolote. Mimi nilikuwa nalo kosa, na sikuweza kusema maneno mawili.

Kulipokucha nilimwambia Gervas yote, tangu nailoni. Akasema, "Kumbe Mama alinidanganya vizuri." Akaenda kuniombea ruhusa kwa mwalimu wa zamu. Nilifungua sanduku nikatoa ingata yako, kwa kuwa niliona haya kwenda kwa Mama Riziki na uongo tu mkononi; nilitaka aone jinsi mbwa wake alivyolelewa. Nilikusudia kumwonyesha na kurudi nayo. Nakuapia, nilikusudia kurudi nayo.

Nilishuka na Mgeni, nikamkuta Mama Riziki Katonga, amekaa juu ya mizigo. Alipomwona Mgeni alisimama. Nilimwambia, "Ni mimi. Nilikudanganya. Na huo uzi alikula kweli, na aliyempa ni mimi, na aliyemponya ni Mama." Maneno yalitoka yote kwa mkupuo, watu wanatazama. Sikungoja anisamehe. Alipiga magoti mchangani akamshika Mgeni kichwa, akamfunua midomo kutazama meno, jinsi mtu anavyomkagua mtoto aliyerudi kutoka safari. Meno yote yapo, Mama. Meupe, mazima, hata moja halijavunjika. Nilimwonyesha ingata, nikamweleza habari ya ukucha na habari ya meno yako sita. Akacheka na kulia pamoja.

Nilimwambia jina lake. Akasema, "Sasa anaenda kwao. Bado tutamwita Mgeni?" Nikampa kamba yake.

Mgeni alikataa kupanda. Walimvuta kwa kamba, akaweka miguu minne mchangani, akanitazama mimi. Mwenye mtumbwi akaanza kulalamika, injini imeshawashwa. Mama Riziki alimbembeleza, mtoto akamwita, wapi. Nikaona yule mwenye mtumbwi anafungua mdomo kusema mbwa abaki, na najua, Mama, najua kabisa kwamba ningenyamaza tu dakika moja zaidi ningerudi naye nyumbani bila kusema uongo wowote.

Nikachovya ingata yako kwenye maji ya ziwa. Nikaikamua. Nikaitupa ndani ya mtumbwi.

Akaruka kuifuata. Akalala nayo kati ya magodoro, akaanza kuitafuna taratibu, jino la nyuma, kama alivyokuwa akifanya chini ya mgomba. Mtumbwi ukasogea. Mama Riziki alinyanyua mkono mpaka nikashindwa kuuona.

Basi kumbukumbu yako pekee niliyojichukulia imevuka maji, na mbwa naye. Nilirudi mikono mitupu, nikipanda mlima ule ule nilipokunong'oneza. Sikujuta. Nililia, lakini sikujuta.

Asante, Mama. Asante kwa kunipiga mkono. Asante kwa viatu vitatu na udongo wa Bi Zuhura. Asante kwa kusema ni wewe.

Mwezi ujao shule zikifunga nitakuja Kidahwe kupalilia pale ulipolala. Na naahidi hivi: yeyote atakayetuachia kitu chake mlangoni, awe amekuja kwa miguu au kwa mtumbwi, atakikuta, na atasikia ukweli siku ile ile, si kesho yake. Pumzika. Nyumba ninayo.

Leo nimechana shuka letu la zamani, jeupe. Nimechemsha, nimeanika, nimesokota. Ya kwanza ilifumuka, ya pili ikapinda. Ya tatu nimeiminya kwa ukucha, kisha nikaishika kwa meno na kumpa Gervas upande wa pili avute. Amevuta kwa nguvu zake zote, Mama. Haikuachia hata uzi mmoja. Nimeitundika kwenye msumari wako.

Mkweo, Mwalimu.